Mstari wa Waya na Sauti ya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini sikutengeneza redio hata moja. Mkuu wa Karakana, mtu wa Kigoma aliyevaa koti la kijivu lenye kalamu mbili mfukoni, alinikabidhi amplifaya mpya iliyokuwa bado inanukia plastiki. Amplifaya ni kile kisanduku cha chuma kinachopokea sauti ndogo ya redio na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Mkuu akaniuliza kama ni nzuri. Niliipima kwa mkono, kama tunavyopima samaki kwetu Baraka, nikajibu bila wasiwasi:

"Nzuri sana, Mkuu. Ni nzito."

"Ifungue."

Nikalegeza skrubu nne. Ndani mlikuwa na kibao cha umeme kisichozidi kiganja, na pembeni yake bonge la saruji lililobandikwa kwa gundi. Uzito wote ulikuwa wa saruji.

"Sasa unaweza kuanza kazi," akasema. "Shuku sanduku, shuku anayeliuza, shuku na mteja anayelisifu. Ukisikia kitu kinasifiwa kabla ya kuwashwa, rudi hatua moja nyuma."

Nimeishi kwa maneno hayo maisha yangu yote ya kazi, na ninyi vijana mnaotaka kujua kama inafaa kutumia akiba yenu kuweka muziki mzuri ndani ya gari, mnisome kwa moyo huohuo. Mnishuku na mimi, ila mjue kwamba anayewaambia haya si mtu wa kuokota ufundi njiani. Vita viliponitoa kwetu Kongo, nilivuka ziwa mpaka Kigoma nikiwa na kaptura moja. Nikiwa kambini nilitengeneza redio za wakimbizi wenzangu mpaka nikajilipia chuo mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Wakongo tulioanza darasa la elektroniki tulikuwa wawili. Mwenzangu aliacha mwaka wa pili. Aliyebaki ndiye anayeandika hapa, na diploma yake ina muhuri mkavu unaoweza kuupapasa kwa kidole.

Karakana ile ilinifundisha jambo ambalo bado linawaponza wengi: wati. Wati ni kipimo cha nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri ya gari, haitoki kwenye karatasi. Lakini sanduku limeandikwa namba kubwa kwa rangi ya dhahabu, na mteja anasoma namba, hasomi kitu kingine. Niliona spika ndogo kama sahani ya chai ikidai nguvu ya kutingisha uwanja wa mpira. Mkuu wa Karakana alikuwa na dawa yake. Alikuwa akiichomoa fyuzi ya kisanduku, kile kiwaya kinachokatika umeme ukizidi, na kumwonyesha mteja. "Mlango wa nyumba ni huu. Kama fyuzi ni ndogo hivi, huo umeme mkubwa wanaousema unaingia kupitia wapi?" Wengi walirudisha sanduku kwenye rafu. Wengine walikwenda kununua kwa jirani.

Niliporudi Kongo nilipata kazi Fizi-Centre, kwenye mradi mmoja uliokuwa na magari sita na vilima vingi. Niliwekwa chini ya Shefu wa Garage, yaani mkuu wa karakana ya magari, baba mkimya ambaye hakupenda diploma yangu na hakuficha.

"Diplome," aliniambia asubuhi ya kwanza, na jina hilo likanigandia mpaka leo, "hapa hapana disko. Gari iko ya kazi."

Nilimshuku mara moja, maana mtu anayekataza kitu kwa nguvu namna ile mara nyingi anakipenda. Sikukosea. Saa ya chakula nilimkuta amejifungia ndani ya gari la zamani kuliko yote, madirisha juu, anasikiliza rumba kwa sauti ya chini kabisa, macho amefumba. Nikapanda upande wa pili. Hakunifukuza.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Gitaa."

"Sikia tena."

Nikasikiliza, nikasikia mlango. Bati la mlango lilikuwa linalia pamoja na besi, na kioo kinagonga, na chini ya dashibodi kuna kitu kinacheka.

"Gari ikiwa inaimba yenyewe, redio itaimba na nani?" akasema. "Batu banauza mbuzi banunue spika. Mi naziba milango kwanza."

Alikuwa na haki, na mimi ni mtu wa kukubali haki hata ikitoka kwa asiyesoma. Kwa miaka yote niliyokaa naye tuliziba matundu ya milango kwa mpira wa tairi la ndani, tukasafisha waya wa masi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na redio zilezile za kiwandani zikawa kama mpya. Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mpenda muziki ni hili: kabla hujanunua chochote, ziba, kaza, safisha. Muuzaji hatakwambia hivyo, kwa sababu kuziba hakuuzwi dukani.

Mradi ulipofungwa niliteremka Baraka, nikafungua karakana yangu, diploma ukutani ndani ya fremu, kibao mlangoni. Wateja walikuja kutoka Lusenda, kutoka Mboko, na wengine waliteremka kutoka Minembwe na redio mgongoni. Na tabia ya wateja wale ilinifundisha kushuku kitu kingine. Wengi wanaotaka muziki mkubwa ndani ya gari hawataki kusikia. Wanataka kusikika. Wanafungua madirisha yote wakipita sokoni, na wao wenyewe walio ndani hawaelewi hata neno moja la wimbo. Nilikuwa nawauliza wimbo unasema nini, wanacheka. Hao niliwafungia walichotaka na sikupoteza usingizi.

Kulikuwa na fundi mwingine mjini, Mzee Amisi, wa familia ya Waislamu wa ziwani. Alifanya kazi kwenye baraza la nyumba yake karibu na bandari, bila kibao, bila fremu. Hakuvuka ziwa wakati wa vita. Alijificha kwenye rasi ya Ubwari, akarudi, akajificha, akarudi. Nilikuwa nikimwita fundi wa kubahatisha, na niliwaambia hivyo wateja wangu waziwazi. Kila gari lililotoka kwake nililifungua kama daktari anayefungua bandeji ya mganga, nikang'oa waya wake wote na kuvuta mpya.

Sasa niwaeleze gari moja.

Siku moja ya Jumatatu alikuja Baba Furaha, dereva wa Noah iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Baraka na Fizi-Centre. Alitaka redio mpya, spika mpya za milango yote miwili ya mbele, na amplifaya. Noah ile ilikuwa imechakaa. Nikamtazama kwa jicho langu la Kigoma.

"Baba Furaha, unataka abiria wakukimbilie, au unataka wakukimbie?"

"Diplome, mi sitaki kelele. Niko na bibi yangu ndani ya hii kadi."

Alifungua kitambaa, ndani mna kadi ya simu, ile ya kuhifadhia nyimbo, ndogo kama ukucha. Mke wake, Mama Furaha, alikuwa muimbaji wa kwaya. Alifariki binti yao akiwa bado wa kubebwa. Kabla hajafa, kwaya ilirekodiwa kwa kaseti, maikrofoni moja katikati ya kanisa, na yeye ndiye aliyeongoza wimbo mmoja. Kaseti ilihamishiwa kwenye kadi. Na Furaha, huyo wa kubebwa, sasa alikuwa anaolewa Fizi-Centre.

"Anaolewa lini?"

"Siku ya posho hii." Kwetu hiyo ndiyo Jumamosi. "Anajua sura ya mama yake ku picha. Sauti, hapana. Ku poste yangu ya zamani, ile redio, mama alikuwaka anasikilika sawa nzi ndani ya chupa. Nataka apande na mutoto wake mpaka ku kanisa, muntu muzima. Si nzi."

Madereva wana hadithi nyingi, basi nikashuku na hiyo. Nikachukua kadi, nikaiweka kwenye simu yangu. Ilikuwa kweli: kwaya, na mbele ya kwaya sauti ya mwanamke, nyembamba kwenye kispika cha simu, lakini iko. Nikaona aibu kidogo, nikakubali kazi. Nikamwahidi kwamba atamsikia mkewe kama amekaa kiti cha nyuma. Nilisema, "Hii ni kazi ya diploma."

Jumanne nikafunga. Milango niliiziba. Redio safi, spika halali nilizozikagua mwenyewe, amplifaya isiyo na saruji. Waya wa mlango wa kulia niliuvuta mpya. Wa mlango wa kushoto ulikuwa bado mzima, waya pacha mweusi wenye mstari mweupe upande mmoja, umepita ndani ya bomba la mpira kwenye bawaba, na nikaona hakuna sababu ya kuuharibu. Upande wa redio niliuunga upya. Upande wa spika ulikuwa na vibanio viwili vilivyochomelewa tayari, kimoja kipana, kingine chembamba. Nikavisukuma mahali pake, kipana kwa kipana, nikafunga mlango. Niliijaribu nikiwa nimesimama nje, nimeinama dirishani. Ikaimba vizuri. Nikamkabidhi gari.

Jumatano asubuhi alirudi. Hakunisalimia.

"Umepeleka bibi yangu wapi?"

"Nini?"

"Kwaya iko. Ngoma iko mbali sana. Yeye hayuko."

Tukaingia. Nikakaa kiti cha nyuma katikati, pale ambapo bibi harusi angekaa. Wimbo ukaanza. Alisema kweli. Sauti ya mwanamke yule ilikuwa imekonda, imetandazwa, haina mahali ilipokaa, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta wa jirani. Besi ilikuwa imekufa.

"Nikiinama kwa mulango, namusikia," akasema. "Nikikaa katikati, anapotea."

Kama ningemsikiliza, angekuwa ameshanipa jibu. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kushuku, na nilipokuwa nikianza nilikuwa sisikii tena.

Nilishuku spika, nikazitoa na kuzipima kwa testa. Nzima. Nikashuku kadi, nikaijaribu kwenye simu nyingine. Mama Furaha yupo. Nikashuku redio, nikaibadilisha na nyingine. Vilevile. Mwisho nikashuku masikio ya mteja. Nilimkalisha, nikamfumba macho kwa mkono, nikawa nanong'ona mara kushoto, mara kulia, anionyeshe nilipo. Alivumilia mara tatu, kisha akauondoa mkono wangu.

"Diplome, haya masikio inasikia beringi inaanza kufa kilomita tano mbele ya kufa. Weye unanipima sawa mutoto wa école, wa shule? Mutoto wangu anavaa nguo ya ndoa siku ya posho. Unanirudishia sauti, ao unanirudishia ile poste yangu ya nzi?"

Hapo ndipo nilipouliza nani aliupitisha waya wa mlango wa kushoto.

"Mzee Amisi," akasema.

Nikafurahi. Ndiyo, naandika ukweli: nilifurahi. Nikajiambia mchawi amepatikana.

Alhamisi tukaenda na Noah mpaka barazani kwa Mzee Amisi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, redio tatu zimefunguliwa mbele yake kama samaki waliopasuliwa.

"Karibu, bwana wa ng'ambo," akaniambia. "Leo diploma imeteremka ku ukuta?"

"Mzee, waya wako umeharibu kazi yangu."

"Waya yangu? Ile ya miaka kumi? Pole yake."

Hakukasirika. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na jiwe la redio, yaani betri kavu ya kawaida, ile tunayotia kwenye tochi. Akaniomba niondoe vifuniko vya spika zote mbili ili koni zionekane. Koni ni ile karatasi nyeusi ya spika. Ikisukumwa na kuvutwa ndipo hewa inakuwa sauti. Kisha akalala chini ya dashibodi, pamoja na umri wake wote, akazitoa waya za spika kwenye amplifaya. Akamwambia Baba Furaha aweke kidole kwenye koni ya kulia. Akagusisha jiwe kwenye waya za kulia, plus juu ya ile niliyoifanya plus.

"Inafanya nini?"

"Inasukuma kidole."

"Kuja huku sasa." Akafanya vilevile upande wa kushoto.

"Inakimbia. Inavuta ndani."

Mzee Amisi akatoka chini, akafuta vumbi mabegani. "Huyu anasukuma, mwenzake anavuta. Sasa bibi ya muntu atapita wapi?"

Vijana, hapa nieleze. Rekodi ya maikrofoni moja hutoa sauti ileile kulia na kushoto. Spika zikisukuma pamoja, sauti hizo mbili zinakutana katikati ya gari na kuwa moja. Lakini waya za spika moja zikigeuzwa, plus ikakaa mahali pa minus, hewa moja inasukumwa huku nyingine inavutwa, nazo zikikutana zinaulana. Anayekaa katikati anabakiwa na mabaki tu: umati wa kwaya unasikika kwa mbali, lakini besi na sauti moja iliyosimama mbele zinapotea. Hili nililijua. Nililifanyia mtihani, nikapata alama za juu.

"Nani aliunga huku ku redio?" Mzee akauliza.

"Mimi. Mstari ni minus."

"Wapi?"

"Shuleni. Waya wa redio wenye mstari ni minus, ulio mtupu ni plus. Popote."

"Hapa mustari ni plus. Kila fundi wa Baraka anajua."

"Mimi sikujua."

"Njo vile," akasema polepole, yaani ndivyo ilivyo. "Haukukuwako."

Akakaa tena mkekani na kunieleza, bila kunitazama. Wakati wa vita waya nyekundu ziliisha mjini. Kilichobaki kilikuwa koili moja ya waya mweusi wenye mstari mweupe. Mafundi walikuwa wanne. Hakuna aliyejua nani atakuwepo kesho kumalizia kazi aliyoianza leo. Basi wakakubaliana: mstari ni plus. "Kama mi nakimbia asubui, mwenzangu anafungua mulango kyangolo, hapotee." Kyangolo ni jioni. Wenzake watatu hawakurudi tena, na yeye ameendelea kufunga hivyohivyo mpaka leo, magari yote ya mji huu.

Kile kibanio kipana, ambacho kwenye spika ndicho cha plus, alikuwa amekichomelea kwenye mstari. Plus kwa plus. Kazi yake ilikuwa sahihi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuja kuikata katikati kwa sheria ya mahali pengine, na sikupima kwa jiwe la redio, kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya, kwa sababu mtu mwenye diploma hahitaji jiwe.

Nilisema, "Mzee, nisamehe." Kisha, kwa sababu Baba Furaha alikuwa anasikia na yeye ndiye niliyemwambia mabaya ya Mzee, nikaongeza: "Waya haukuwa na kosa. Aliyekosea ni mimi."

"Geuza," akajibu tu. "Mutoto anaolewa."

Nikageuza waya mbili. Ilichukua muda wa kumeza mate.

Ijumaa mchana Baba Furaha alimleta binti yake, nywele tayari zimesukwa kwa ajili ya kesho. Furaha aliingia nyuma, akakaa katikati. Baba yake akakaa mbele na hakugeuka. Mimi na Mzee Amisi tulibaki nje karibu na mlango uliofunguliwa.

Wimbo ukaanza, na mama yule akaja. Siwezi kueleza kwa lugha ya ufundi. Alikaa katikati ya dashibodi, mbele ya kwaya yake, mzima. Ilisikika pumzi anayoivuta kabla ya ubeti. Na kwenye ubeti wa pili aliingia mapema, neno moja kabla ya wenzake, akasita kidogo, akawasubiri, wakaendelea pamoja. Kwenye simu sikuwahi kulisikia hilo. Wala Baba Furaha, miaka yote ya poste ya nzi.

Furaha akashika kiti cha mbele. "Papa, alianza mbele ya benzake!"

"Kila siku," baba akasema, bado hajageuka. "Mwalimu wa kwaya alikuwaka anamugombeza kila siku. Alikuwaka na haraka."

"Sawa mi."

"Sawa weye."

Akaomba urudiwe. Tukaurudia mara nne, kila mara ule ubeti wa pili, na kila mara akicheka mahali palepale. Jumamosi walipanda Fizi hivyo, madirisha yamefungwa.

Nimestaafu sasa. Macho yamekataa skrubu ndogo, na karakana ameichukua mwanamke mmoja fundi kutoka Fizi, mwepesi wa mkono, mwenye diploma pia. Fremu yangu nimeitundika nyumbani, na sitaiteremsha, niliivujia jasho. Lakini kila mlango nilioufunga baada ya gari lile niliujaribu kwa jiwe la redio, na ndani yake nilibandika karatasi: mstari ni plus, desturi ya Amisi. Wenzangu waliotoka vyuoni walinicheka. Acha wacheke, siku moja nao watafungua milango hiyo mimi sipo.

Na swali lenu, kama mpenda muziki aweke akiba yake kwenye sauti ya gari. Wati msiziamini. Uzito msiuamini. Fundi anayewajibu kabla ya kuwauliza mnasikiliza nini, mwondokeeni, hata kama amenizidi vyeti. Lakini kama kuna sauti moja mnayotaka kuisikia ilivyokuwa, na haraka yake, na makosa yake, toeni mlicho nacho. Kisha kabla ya kuondoka na gari msisimame nje dirishani kama nilivyosimama mimi. Ingieni mkae mahali atakapokaa yule mnayemfanyia.